Pongezi kwa Wataalamu wa Mifugo wa Mamba

Hapa Mamba, katika Halmashauri ya Mpimbwe, mfugaji hamkabidhi mtu ng'ombe wake kwa sababu tu amevaa koti jeupe. Humwangalia kwanza anavyofanya kazi. Mtaalamu wa mifugo anayeaminika hakimbilii sindano: humpima mnyama joto, humpapasa tezi zilizo chini ya masikio, huuliza mara ya mwisho aliogeshwa lini. Tezi zikiwa zimevimba na homa iko juu, hushuku ndigana kali, ugonjwa unaoenezwa na kupe, na hapo hakuna kungoja kesho. Akishatibu, husema wazi kwamba maziwa yasinywewe wala kuuzwa hadi zipite siku zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa. Neno hilo humtia mfugaji hasara, lakini ndilo linalomfanya amwite tena.

Nawapongeza zaidi kwa upande wa mbwa. Tunawafuga walinde boma na mifugo, halafu tunasahau kuwachanja. Kichaa cha mbwa, dalili zake zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mara huua. Chanjo yake hutakiwa kukaa kwenye ubaridi wa nyuzi 2 hadi 8, na katika joto la bonde la Rukwa, kuifikisha vitongojini ikiwa salama ni kazi ya mtu anayejali.

Wafugaji wenzangu, siku ya chanjo ikitangazwa, wafungeni mbwa kamba asubuhi na mapema, muwalete wote.