Fimbo ya Mbali: Tahakiki Fupi ya Kitabu "Remote"

Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka. Jason Fried na David Heinemeier Hansson wanawapinga. Katika kitabu chao, Remote: Office Not Required (2013), viongozi hawa wa kampuni ya programu za kompyuta ya 37signals ya Chicago wanadai kuwa watu waliotawanyika wanaweza kufanya kazi kama timu moja. Tangu Uviko-19 ifunge madarasa mwaka 2020, hoja hiyo inatuhusu sisi walimu pia.

Kitabu kina hazina yake. Kinashauri wafanyakazi wawe na takriban saa 4 za pamoja kila siku, wawe na ukumbi wa soga, na wakutane ana kwa ana mara kwa mara. Aidha, kinasisitiza kuwa anayefanya kazi mbali na wenzake sharti ajue kuandika vizuri. Mwalimu gani wa lugha hatafurahi?

Hata hivyo, uandishi mzuri kwao ni uwazi tu. Tuchukue ujumbe huu: "Leta alama leo." Uko wazi kabisa, lakini hauna salamu wala "naomba" na hautaji cheo cha anayeandikiwa. Mzee wa idara akiupokea atauliza amekosa nini. Ofisini, tabasamu lingefidia ukali huo, ila katika maandishi hakuna cha kufidia. Wanafunzi wa isimujamii watatambua hapa suala la rejista na adabu, ambalo kitabu hakilipi uzito unaostahili.

Dosari kubwa zaidi ilidhihirika baadaye. Mwaka 2021 wafanyakazi wa kampuni hiyohiyo, wakati huo ikiitwa Basecamp, walihoji orodha ya majina ya wateja yaliyoonekana kuchekesha, yakiwemo ya Kiafrika na ya Kiasia. Katika mvutano uliofuata, uongozi ulipiga marufuku mijadala ya siasa na jamii katika mawasiliano ya kazi. Takriban theluthi moja ya wafanyakazi waliondoka.

Hatusemi kuwa umbali ndio uliozaa mgogoro huo. Utani wa majina hufanyika hata chumba cha walimu. Tunachosema ni kwamba ratiba nzuri na ukumbi wa soga havitoshi. Timu inahitaji baraza, yaani mahali ambapo mdogo anaweza kumwambia mkubwa, "Hili limetuumiza," na akasikilizwa. Kitabu kinatufundisha namna ya kugawana kazi kwa mbali, lakini hakitufundishi namna ya kusuluhishana kwa mbali.

Kwa hiyo tunawashauri wasomaji wetu wakisome, kwani manufaa yake si haba. Lakini idara zenye walimu katika kampasi mbalimbali zisiishie kuiga ratiba zake. Zianze na salamu, zitamke majina ya watu ipasavyo, na ziache mlango wa malalamiko wazi.