Alias na Salum katika Nchi ya Dili

Kanda ya Ziwa kulikuwa na neno ambalo mtu mwenye ualbino alirushiwa barabarani na watu wasiojua hata jina lake: dili. Anapita stendi, mtu anamtupia neno hilo, wenzake wanacheka. Hakuna aliyehitaji kufafanuliwa. Dili ni hela ya haraka, ni mzigo unaotafutiwa mnunuzi. Sisi tuliokuwa shule ya msingi mkoani Shinyanga mwaka 2007 na 2008 tulilijua neno hilo kabla hatujafundishwa neno ualbino.

Naanza na neno hili kwa sababu naiona White Shadow, filamu ya mwaka 2013 ya Noaz Deshe, kama jaribio la kulijibu. Deshe si Mtanzania, lakini filamu imepigwa Tanzania, na wahusika wake wanazungumza Kiswahili. Ilioneshwa mara ya kwanza kwenye tamasha la Venice na kupata tuzo ya filamu bora ya kwanza ya mwongozaji. Mwigizaji wa Marekani Ryan Gosling ametajwa kati ya watayarishaji wakuu, na kwa bahati mbaya habari nyingi kuhusu filamu hii zilianzia na kuishia kwenye jina lake.

Hadithi yenyewe ni fupi kuisimulia. Alias, kijana mwenye ualbino anayeigizwa na Hamisi Bazili, anashuhudia baba yake akiuawa. Mama yake anampeleka mjini kwa mjomba, Kosmos, dereva wa lori anayehangaika na pesa. Kosmos anamtafutia kazi ya umachinga: kuuza miwani ya jua, DVD na simu. Kijana ambaye macho yake hayavumilii mwanga anatembea juani siku nzima akiwauzia wengine kivuli cha macho. Filamu hailisemi jambo hilo kwa maneno, inatuachia tulione wenyewe.

Kamera ya Deshe haitulii. Inasogea karibu mno na uso, inapoteza mwelekeo, inakata tukio kabla halijaisha. Anayetaka kuelezwa kila kitu kwa mpangilio atachoka mapema. Lakini nadhani sababu ipo. Mtu anayewindwa hapati nafasi ya kusimama mbali na kuitazama mandhari. Anaona vipande tu: mkono, mlango, mtu aliyemkazia macho sekunde moja zaidi ya kawaida.

Ndani ya vurugu hizo kuna filamu nyingine, ya kimya, na ndiyo iliyonifanya niirudie. Ni ya Alias na Salum, mtoto mwenye ualbino kama yeye. Filamu nzima watu wanamtazama Alias: kwa huruma, kwa hofu, kwa kumkadiria. Kutazamwa mchana kutwa bila mtu hata mmoja kukuona ni upweke wa aina yake. Akiwa na Salum, mzigo huo unashuka. Ngozi yake haihitaji maelezo. Wanaongea na kucheza kama watoto wengine, na kwa dakika chache hakuna mwenye bei.

Urafiki huo haukuzaliwa kwa kuchaguana. Wamekutanishwa na hatari. Hapo ndipo filamu inapogusa jambo tunalolijua vizuri Shinyanga. Katika manispaa yetu kuna Buhangija, shule na kituo kilichokuwa kikihudumia watoto wenye ulemavu. Mauaji yaliposhika kasi, kikageuka kimbilio la watoto wenye ualbino kutoka wilaya na mikoa ya jirani. Idadi yao ilifika mamia. Wapo waliokaa miaka bila kurudi kwao. Wakubwa wakawalea wadogo, na mtoto aliyekuwa peke yake kijijini mwao akajikuta katikati ya wenzake wanaofanana naye. Walipata marafiki kwa sababu walipoteza nyumba. Sijui kama neno la Kiswahili lipo kwa furaha ya namna hiyo, ambayo huwezi kuisherehekea wala kuilaani. White Shadow inaionesha bila kuipa jina.

Hata hivyo kuna nusu ya habari ambayo filamu haiigusi. Dili huwa na mnunuzi. Umoja wa Mataifa ulieleza mwaka 2015 kwamba watu zaidi ya 70 wenye ualbino walikuwa wameuawa Tanzania tangu mwaka 2000, na Kanda ya Ziwa ndiyo iliyoumia zaidi. Mwaka 2010 Deborah Bryceson na wenzake walichapisha utafiti uliohusisha mauaji hayo na uchimbaji mdogo wa madini: waganga waliwauzia wachimbaji bahati, na viungo vya binadamu vikaingizwa kwenye dawa hiyo. Mwaka uliotangulia, mahakama iliyoketi Kahama iliwahukumu kunyongwa watu watatu kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wilayani Bukombe. Hiyo ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina yake nchini. Wauaji walipatikana. Wanunuzi, katika kesi hizi zote, ni nadra sana kuwaona kizimbani.

Wachimbaji wengi hawajawahi kugusa uovu huu, na lazima hilo lisemwe wazi. Lakini maisha yao yanaeleza kwa nini bahati ina soko. Nenda Rwamgasa au Nyarugusu, mkoani Geita. Mtu ametoka mbali, anaitwa kwa jina la utani, anashuka kwenye duara lililoshikiliwa na matimba. Mara nyingi hana mshahara. Ana mgawo wa mawe, kama mawe yatapatikana. Mawe yanakwenda kwenye karasha, unga unaoshwa, zebaki inakusanya kilichopo, na huenda kilichopo ni kidogo kuliko deni la chakula. Jirani yake, mwenye bidii ileile, ameamka tajiri. Hakuna hesabu inayoeleza tofauti hiyo. Anayekuja na maelezo, hata ya kishetani, anamkuta mtu aliye tayari kusikiliza, na hana ndugu karibu wa kumwambia acha.

Huyu naye ni mpweke, na White Shadow haikai naye. Wapo watakaosema filamu haidaiwi chochote na mnunuzi, kwamba muda wake ni wa Alias. Nakubali kuhusu muda. Wala siombi ahurumiwe. Ninachosema ni kwamba mnunuzi akibaki kivuli, mtazamaji wa mbali anaondoka akiamini ubaya huu unatoka porini, kwenye giza la usiku na hirizi, wakati sehemu kubwa yake inatoka kwenye hesabu ya mchana kweupe: nimetumia kiasi gani, nadaiwa kiasi gani, nani atanipa njia ya mkato.

Filamu inakaribia kulisema hilo kupitia Kosmos. Yeye si muuaji. Anampa mpwa wake pa kulala na kazi. Lakini tunamwona pia akipiga mahesabu, na kila akiwa mbele ya Alias mtazamaji anajiuliza hesabu hizo zitaishia wapi. Mtu mwema aliyebanwa na pesa, akimtazama kijana ambaye mtaa mzima unajua thamani yake sokoni, ni picha inayotisha kuliko panga lolote katika filamu hii. Ningependa Deshe angeivumilia kamera yake hapo kwa muda mrefu zaidi.

Ningependa pia angempa nafasi zaidi Antoinette, binti wa Kosmos, ambaye Alias anampenda. Urafiki wa Alias na Salum unawapa pumzi, lakini wote wawili wako upande mmoja wa uzio. Antoinette yuko upande wa pili. Hana ualbino, na mtu akija usiku hatamtafuta yeye. Anapomzoea Alias kama mtu wa nyumbani, anafanya jambo ambalo Buhangija, kwa wema wake wote, haikuweza kulifanya, maana uzio uliwalinda watoto na pia ukawaficha. Mtoto wa kijijini ambaye hajawahi kucheza na mwenzake mwenye ualbino anakua na maneno ya stendi tu.

Kwa hiyo White Shadow, pamoja na mapungufu yake, inastahili watazamaji wengine zaidi ya wale wa matamasha. Katika vijiji vya machimbo, jioni, wachimbaji hukaa kwenye kibanda umiza, wamebanana kwenye mabenchi, wageni kwa wageni, wakitazama filamu za mapigano. Pale ndipo ningependa ioneshwe. Watamwona kijana anayeuza DVD kama zile zinazowaburudisha. Watazoea kucheka pamoja na Salum. Na mmoja wao, pengine yule aliyeahidiwa dawa wiki hiyo, atakuwa amekaa saa mbili gizani akilijua jina la mtu.