Milango 48 ya Jurong East

Kituo cha Jurong East, magharibi mwa Singapore, kimesimama juu ya nguzo za zege, na treni zake hupita juu ya barabara. Kilifunguliwa tarehe 5 Novemba 1988. Hapo njia mbili kongwe za metro ya nchi hiyo hukutana: ya mashariki-magharibi, inayopita na kuendelea na safari, na ya kaskazini-kusini, inayoishia hapo.

Mchoro wake wa awali ulikuwa na reli tatu na majukwaa mawili. Treni za mashariki-magharibi zilipewa njia za pembeni, moja kila upande. Ile inayoshuka kutoka kaskazini ikapewa njia ya katikati, jukwaa moja kushoto kwake na jingine kulia. Treni hiyo ikisimama, hufungua milango ya pande zote mbili kwa pamoja. Ina mabehewa 6, na kila behewa lina milango 4 kila ubavu. Jumla milango 48. Anayekwenda katikati ya jiji anatokea upande huu, anayekwenda magharibi anatokea ule, na kila mmoja anakatiza jukwaa tu na kuisubiri treni yake. Hapandi ngazi wala hatafuti lifti. Bibi mwenye mifuko ya sokoni na mtu wa kiti cha magurudumu wanabadilisha treni kwa urahisi uleule wa kijana anayekimbilia kazini.

Urahisi huo haukuja bure. Ili njia moja iingie katikati ya nyingine bila treni kukatana, reli lazima zipishane kwa kimo kabla ya kufika kituoni, moja ipande na nyingine ibaki chini. Tabu ambayo abiria angeibeba kwa miguu yake kila siku imebebwa mara moja tu na zege. Mtu aliyekaa na kalamu na kuamua hivyo, akijua kwamba watakaonufaika hawatawahi kumuuliza jina, mimi namvulia kofia.

Hata hivyo, kituo cha mwisho chenye reli moja kina ukomo wake. Kila treni ya kaskazini ilipaswa kuingia, kushusha, kupakia na kurudi ilikotoka kabla ya inayofuata kuingia, na foleni ikianza hapo huwachelewesha wote walio nyuma. Ndiyo maana ikaongezwa reli ya nne na jukwaa jipya, vikafunguliwa tarehe 27 Mei 2011, ili treni zipokezane saa za msongamano. Ujenzi huo ulifanyika ubavuni mwa kituo ambacho hakikufungwa, abiria wakiendelea kupanda na kushuka.

Mashariki kidogo ya hapo, kabla ya kufika kituo cha Clementi, iko karakana ya Ulu Pandan. Huko treni hulala, huoshwa, na mafundi hushuka kwenye mashimo ya ukaguzi kuzitazama kwa chini. Abiria wengi hawajui hata ipo, ilhali mimi ningependa waijue kuliko kituo chenyewe.

Itazame treni kwa chini. Kila behewa lina ekseli 4, na kila ncha ya ekseli imeingia kwenye kasha la chuma. Ndani ya kasha kuna beringi, na ndani ya beringi kuna grisi. Ukihesabu treni nzima unapata makasha 48, sawasawa na ile milango. Uzito wote wa mabehewa na watu huteremkia kwenye makasha hayo. Grisi ikiwa nzima, chuma hakigusani na chuma. Ikichoka, huwa kama mafuta ya kukaangia yaliyorudiwa mno: yapo, lakini nguvu yake imekwisha. Beringi hupata moto, huvimba, husagika. Fundi mzuri hangoji moshi. Hutazama rangi ya grisi, huisugua kati ya vidole kusikia kama ina chenga za chuma, halafu huandika alichokiona, kwa sababu atakayeifungua mara nyingine huenda asiwe yeye.

Asubuhi ya tarehe 25 Septemba 2024 Singapore ilionyeshwa thamani ya grisi hiyo. Treni moja ya Kawasaki, ya kizazi cha kwanza, iliyokuwa imetumika zaidi ya miaka 35, ilikuwa ikirudishwa Ulu Pandan baada ya kuonekana na hitilafu. Njiani kasha moja la ekseli likaanguka, bogi, yaani fremu inayobeba magurudumu, ikatoka kwenye reli, na magurudumu yakaiponda njia kwa urefu wa kilomita 2.55. Uchunguzi ulionyesha kwamba yaelekea grisi ndani ya kasha ilikuwa imeharibika na beringi ikafa. Treni kati ya Jurong East na Buona Vista zikasimama kwa siku 6.

Kazi ya kawaida ya njia hii hufanywa kwa saa chache baada ya usiku wa manane, umeme wa volti 750 ukishazimwa kwenye reli ya tatu, ile inayozipa treni umeme. Kwa saa hizo za kuiba, usiku baada ya usiku, mataruma ya mbao ya njia zote mbili yalibadilishwa kuwa ya zege hadi kukamilika mwishoni mwa 2016, na kulipokucha treni zilipita kama kawaida. Safari hii mafundi walikuwa na mchana pia, na nchi nzima ikitazama saa. Walikata vipande vilivyovunjika, wakalaza vipya, wakaunga kwa kuchomelea. Lengo lilikuwa kufungua tarehe 30.

Kisha wakaijaribu njia kwa treni zilizopakiwa mzigo mzito, wakapima reli kwa mawimbi ya sauti. Ufa mwembamba ndani ya chuma hauonekani kwa macho. Hujitokeza reli inapoelemewa na kuachiwa, tena na tena. Zikapatikana nyufa 12 zaidi, na jumla ya mahali reli ilipovunjika ikafika 46. Kwa watu waliokuwa hawajalala vizuri, huku abiria wakihangaika na mabasi ya muda, kukubali kukata tena ilhali kazi ilionekana imekwisha ni uhodari ninaouheshimu kuliko wote. Wakakata, wakaunga, wakapima upya. Treni ya kwanza yenye abiria ilipita tarehe 1 Oktoba.