"Mwalimu, hii ni ya kujumlisha ama ya kutoa?"

Swali hilo liliulizwa na msichana wa Gredi ya Tano katika shule moja ya msingi huko Bureti, kati ya Litein na Kapkatet. Nilikuwa nimealikwa kuzungumza na wanafunzi kuhusu insha, nikafika mapema, nikaketi nyuma ya darasa nikisubiri kipindi cha hesabu kiishe. Ubaoni palikuwa na swali la Kiingereza ambalo kwa Kiswahili lingesema hivi: mkulima alipeleka kituoni kilo 36 za majani chai siku ya Jumatatu, kilo hizo zilikuwa 9 zaidi ya alizopeleka Jumanne, je, kwa siku zote mbili alipeleka kilo ngapi?

Msichana alilisoma kwa sauti safi bila kukwama popote. Kisha akainua mkono na kuuliza kama ni ya kujumlisha ama ya kutoa. Mwalimu, kwa upole kabisa, akamwambia atafute neno linalomwonyesha. Akaliona: 'more than'. Akajumlisha 36 na 9, akapata 45. Akajumlisha tena 36, akaandika 81. Jibu ni 63, kwa sababu Jumanne ndiyo siku iliyokuwa na kilo chache: 27.

Kwa muda mrefu tumeambiwa kwamba watoto wetu huanguka hesabu kwa sababu hesabu ni ngumu, ama kwa sababu hawajitahidi, ama walimu ni wachache. Sikatai. Lakini sisi tunaoshughulika na lugha tumekaa kimya mno kuhusu jambo lililo katika uwanja wetu. Swali la hesabu la maneno ni matini. Lina msimulizi, lina mhusika, lina tukio na lina mpangilio wa sentensi, na linaweza kuhakikiwa kama matini nyingine yoyote. Leo nataka kulihakiki.

Kasoro ya kwanza ninayoiona haimo katika swali lenyewe, imo katika namna tunavyowafundisha watoto kulisoma. Ile mbinu ya "tafuta neno" imeenea kote: ukiona 'altogether' jumlisha, ukiona 'left' toa, ukiona 'each' zidisha, ukiona 'share' gawanya. Mbinu hii hailetwi na uvivu. Huletwa na darasa ambalo lugha yake haitoshi kuwafikisha watoto kwenye kisa chenyewe, kwa hiyo mwalimu huwapa njia ya mkato ya kuruka kisa na kukimbilia nambari. Hufaulu mara kwa mara, na hapo ndipo hatari ilipo. Mtoto hujenga imani kwamba hesabu ni kuwinda neno. Watunga mitihani nao wanalijua hilo, ndiposa swali lile likatumia 'more than' pale ambapo mtu anapaswa kutoa.

Kipindi kilipoisha nilimwita yule msichana kando nikamwuliza kuhusu nyumbani. Bibi yake, kogo kama wanavyosema Wakipsigis, ana shamba dogo la chai na huuza majani katika kituo cha karibu. Nikamwambia kwa Kiswahili: tuseme juzi karani alimpimia kogo kilo 23, jana 19 na leo 27, na tuseme kilo moja ni Sh25. Atapata ngapi? Hakuuliza kama ni ya kujumlisha ama ya kutoa. Alitazama juu kidogo, akasema zote ni 69, "lakini nitafanya kama ni sabini." Sabini mara ishirini na tano ni 1,750, toa 25, ni Sh1,725. Mimi mwenyewe nilikuwa bado natafuta kalamu.

Basi nikamrudishia swali la ubaoni kwa Kiswahili. Alinyamaza, kisha akauliza: "Kwa hivyo Jumanne ndiyo kidogo?" Akapata 63.

Tazama maswali hayo mawili ya mtoto mmoja, katika muda wa nusu saa. Kwa Kiingereza aliuliza kuhusu alama: plasi ama minasi. Kwa Kiswahili aliuliza kuhusu majani chai. Swali la pili ndilo swali la hesabu. Najua kwamba mtoto mmoja si utafiti, na sitaki kumgeuza kuwa utafiti. Wenzake wawili niliowauliza swali lilelile kwa Kiswahili walikosa vilevile. Lakini hata wao walikosa wakiwa ndani ya kisa, wakibishana ni siku gani iliyokuwa na kilo nyingi.

Kuna utafiti unaofanana na kisa hiki. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha kazi yao kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza bidhaa katika mitaa ya Recife, Brazil. Sokoni watoto wale walipata takriban asilimia 98 ya majibu. Walipopewa hesabu zizo hizo rasmi, zikiwa zimevikwa kisa, walipata karibu asilimia 74. Walipopewa nambari tupu kwenye karatasi, wakashuka hadi kama asilimia 37. Wengi huutaja utafiti huu kuonyesha kwamba shule huua akili ya mtoto. Mimi naona jambo jingine. Lugha ilikuwa Kireno mwanzo hadi mwisho, kwa hiyo si kila kushuka kunaletwa na lugha ya kigeni, na anayetuambia kwamba Kiingereza ndicho chanzo cha kila alama iliyopotea anatudanganya. Lakini angalia pia kwamba kisa kiliwainua watoto wale juu ya nambari tupu. Kisa husaidia pale unapokielewa. Kwa mtoto wa Bureti kisa hichohicho ni mzigo juu ya mzigo, kwa maana lazima kwanza akifungue kutoka lugha ya tatu.

Ya tatu, naam. Ya kwanza ni Kikipsigis, ambacho huhesabu kwa utaratibu ulio wazi: baada ya taman, yaani kumi, huja taman ak akenge, kumi na moja, kama Kiswahili. Ishirini ni tiptem, thelathini sosom, arubaini artam, hamsini konom. Kiingereza kina 'eleven' na 'twelve' zisizofichua kumi iliyomo ndani, na kina 'fifteen' na 'fifty' ambazo katika darasa la watoto sitini, mvua ikipiga mabati (na Kericho hunyesha karibu kila alasiri), husikika kama neno moja.

Sera yetu inalijua hili tangu zamani. Tume ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza watoto wafundishwe kwa lugha ya eneo katika miaka mitatu ya kwanza. Mtaala wa umilisi, uliofika madarasani mwaka 2019, ukasema jambo hilohilo hadi Gredi ya Tatu. Kisha fungua kitabu cha hesabu cha Gredi ya Kwanza kilichoidhinishwa. Ni cha Kiingereza, kuanzia jalada hadi zoezi la mwisho. Mwalimu anaambiwa afundishe kwa Kikipsigis kutoka kitabu cha Kiingereza kwa ajili ya mtihani wa Kiingereza. Anachofanya ni kutafsiri papo kwa papo, kila mmoja kwa njia yake, bila istilahi, na kesho yake anatafsiri tofauti.

Hapa wapenzi wa lugha za mama hupiga makofi, na mimi huwa miongoni mwao, ila kuna jambo lazima tulimeze. Kati ya 2013 na 2014, mpango wa PRIMR ulijaribu kufundisha kusoma kwa Kikamba na kwa Kibukusu, ukilinganisha na shule zilizopata msaada uleule bila lugha ya mama. Benjamin Piper na wenzake walipotoa matokeo mwaka 2018, kundi la lugha ya mama halikuwa limepata faida ya ziada katika Kiingereza wala Kiswahili, na katika hesabu lilikuwa chini kidogo. Watafiti walibaini pia kwamba lugha iliyotumika katika masomo mengine, hesabu ikiwemo, haikubadilika sana. Kwa maneno mengine, hesabu kwa lugha ya mama haikujaribiwa sawasawa. Hata hivyo, hatuwezi kuendelea kuahidi kwamba Kikipsigis kikiingia darasani, alama zitapanda zenyewe. Tanzania hufundisha hesabu kwa Kiswahili msingi mzima, na bado watahiniwa wengi mno wa kidato cha nne huanguka Hisabati baada ya kuhamishiwa Kiingereza.

Isitoshe, 'lugha ya eneo' katika nchi ya chai ni ipi? Toka Bureti uende kwenye mashamba makubwa yanayozunguka mji wa Kericho, kule kampuni zilikoanza kupanda chai miaka ya 1920. Katika kambi za wafanyakazi, Mkipsigis anapakana na Mkisii, Mkisii na Mjaluo, Mjaluo na Mluhya. Watoto wao hucheza kwa Kiswahili. Karani husoma mizani kwa Kiswahili, na mama hubishana naye kuhusu kilo zilizokatwa kwa ajili ya gunia na maji, kwa Kiswahili. Hakuna anayehitaji kamusi. Katika shule za kambi hizo Kiswahili ndicho lugha ya eneo, na sera inaruhusu kitumike. Kwa nini basi mtoto wa kambi asipewe hesabu ya Gredi ya Pili kwa Kiswahili kilichoandikwa, chenye istilahi zilizotulia?

Kwa kuwa hii ni safu ya lugha, niwe mkweli kuhusu lugha yangu pia. Kiswahili kina mitego yake. 'Toa mfano' na 'toa tano' hutumia kitenzi kimoja, na nimeona mtoto akiambiwa "toa jibu" akatafuta cha kupunguza. 'Zidi' na 'zidisha' ni ndugu wa tumbo moja, lakini kilo zikizidi kwa tatu ni jambo moja na zikizidishwa kwa tatu ni jingine. 'Sehemu' ni mahali, ni kipande na ni robo tatu. Na saa? Mtoto anayesoma 8.00 a.m. kwenye karatasi anajua moyoni kwamba hiyo ni saa mbili. Akikosea kugeuza saa ya kuanza na ya kumaliza kwa namna moja, muda utatoka sahihi, na mwalimu hatajua kamwe kwamba mtoto haelewi. Mitego hii haifanyi Kiswahili kisifae. Inahitaji kufundishwa, na hapo ndipo shida yetu kubwa ilipo, kwa lugha zote tatu.

Katika chumba cha walimu nilimwuliza yule mwalimu wa hesabu ni nani huwafundisha watoto maana ya 'more than' katika sentensi ndefu, au 'remainder', ambalo katika kugawanya ni baki lakini katika swali la mkulima ni majani aliyobaki nayo baada ya kuuza theluthi. Akacheka. "Mimi ni wa hesabu. Kiingereza kina mwenyewe." Mwenyewe alikuwa meza ya pili akisahihisha insha. Bila kuinua kichwa akasema: "Hizo si ni za hesabu?"

Ningekuwa na neno moja la kuiambia KNEC lingehusu karatasi yenyewe. Mwaka 2001 Jamal Abedi na Carol Lord, huko Marekani, walichukua maswali ya hesabu ya mtihani wa kitaifa wakayaandika upya kwa Kiingereza chepesi, bila kugusa nambari wala ugumu wa hesabu. Wanafunzi wa darasa la nane waliinuka kidogo. Waliofaidi zaidi ni watoto wanaojifunza Kiingereza, watoto wa familia maskini na wale wa madarasa ya chini ya hesabu. Kuinuka kulikuwa kudogo, lakini mpakani alama moja ni kubwa.

Na mpaka sasa umesogezwa karibu. Mtihani wa Gredi ya Tisa, uliofanywa kwa mara ya kwanza mwaka 2025, una uzito wa asilimia 60 katika kumpangia mtoto mkondo wa sekondari pevu. Ule wa Gredi ya Sita una 20. Anayeingia mkondo wa sayansi husoma hesabu kamili, wengine husoma hesabu ya msingi. Yule msichana ana mwaka mmoja na ushei kabla ya kutahiniwa Gredi ya Sita. Akiandika 81, karatasi itasema hajui hesabu.

Chuo Kikuu cha Kabianga kiko palepale Kericho. Wanafunzi wake wa ualimu huenda mazoezini kila mwaka. Wapewe maswali ishirini yaliyoandikwa namna tatu: kwa Kiingereza cha mtihani, kwa Kiingereza chepesi na kwa Kiswahili. Shule tano za wakulima wadogo, shule tano za kambi. Kinachohitajika ni karatasi, wino na wiki mbili za muhula wa pili, kisha tuhesabu.