Usimwamshe kwa Kumgusa

Miaka michache iliyopita nilimrekodi bibi yangu kwa simu, nyumbani kwake nje kidogo ya mji wa Bariadi. Nilitaka anisimulie Vita vya Kagera. Babu alikuwa mgambo. Alichukuliwa mwishoni mwa mwaka 1978, akarudi mwaka uliofuata, na akafariki kabla sijapata akili ya kumuuliza chochote. Nikajipa moyo kwamba bibi bado yupo. Nikamwamkia, "Mwangaluka, mayu," nikaweka simu juu ya kigoda, nikamwomba aanze.

"Vita aliijua babu yako," akasema. "Mimi nilikuwa hapa."

Kisha akaongea dakika arobaini. Aliongea juu ya pamba, juu ya michembe, juu ya sabuni, juu ya namna ya kuishi na mume. Niliporudi mjini niliihifadhi sauti ile kwa jina "Mawaidha ya bibi" na kuisahau. Nilijiona nimerudi mikono mitupu.

Lilikuwa kosa la mwalimu wa fasihi. Sisi tunaofundisha somo hili tumezoea kupanga tenzi kwenye mafungu. Fungu la vita lina wanaume: Hemedi bin Abdallah el-Buhriy na utenzi wake wa Wadachi kuitamalaki Mrima, Abdul Karim bin Jamaliddini na Maji Maji, na mwaka 1981 Henry Muhanika na Utenzi wa Vita vya Kagera na Anguko la Idi Amin Dada. Mwaka mmoja kabla yake Baldwin Mzirai alitoa kitabu cha nathari, Kuzama kwa Idi Amin. Tazama majina hayo mawili. Vita ambavyo vilikula miezi mingi ya watu wa nchi mbili vimebeba jina la mtu mmoja, na vinaisha anapoanguka. Kampala ilichukuliwa tarehe 11 Aprili 1979, na hapo hadithi imekwisha.

Fungu la pili tunaliita mawaidha, na humo yumo mwanamke: Mwana Kupona binti Msham, aliyetunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, kwa ajili ya bintiye. Tunaufundisha kama wosia wa ndoa. Wanafunzi wa kike huupokea kwa kununa, na siwalaumu. Mume ahudumiwe kama mtoto asiyejua kusema. Akisinzia asiamshwe, sauti isipazwe, mke asiondoke pale alipo, ili mume akizinduka asimtafute. Kila mwaka lazima kuna msichana atakayeuliza kama na sisi tutaolewa hivyo.

Ila mwaka huo mmoja wao aliuliza swali jingine. Alikuwa amesoma utangulizi, kitu ambacho wanafunzi hawafanyi na walimu hatusisitizi. "Mwalimu, hapa wanasema mumewe alikuwa mpiganaji. Mbona utenzi wote hausemi vita?"

Nilimjibu haraka kwamba si utenzi wa vita. Jibu hilo lilinisumbua mpaka nikafika nyumbani.

Mume wa Mwana Kupona alikuwa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate. Katika miaka ya 1840 Sayyid Said wa Unguja na Omani alipeleka majeshi Siyu, na Siyu ikayashinda. Bwana Mataka alifariki mwaka 1856. Siyu haikusalimu amri mpaka mwaka 1863, wakati wa Sayyid Majid. Maana yake ni kwamba mwanamke huyu alitunga utendi wake akiwa mjane wa mtu wa vita, wakati vita vya mji wa mumewe vilikuwa havijakwisha. Nilikuwa nikiyajua yote hayo. Nilikuwa nikiyataja kwa sentensi moja na kupita, kama mtu anayesoma anwani juu ya bahasha.

Wapo waliousoma kwa jicho jingine. Ann Biersteker aliandika mwaka 1991 kwamba utii ule unaweza kubeba kejeli, kwamba mshairi hasemi tu kile tunachodhani anasema. Ni hoja nzuri na inawasaidia sana wale wasichana wangu. Lakini usiku ule sikufikiria kejeli. Nilifikiria dakika arobaini zilizokuwa kwenye simu yangu. Nikazitafuta.

Katikati ya maongezi bibi anasema hivi: "Mwanaume akitoka mbali, usimwamshe kwa kumgusa. Simama mlangoni, mwite jina. Akikujibu ndiyo uingie." Mara ya kwanza nilisikia adabu ya zamani. Sasa nikasikia mwanamke aliyekuwa amemgusa mume wake usingizini, mara moja, akaona kilichotokea. Hasemi kilichotokea. Anatoa utaratibu tu.

Nikarudi kwa Mwana Kupona, kwenye ule usingizi wa mume ambao hautakiwi kuvurugwa. Sidai kwamba Bwana Mataka aliruka kitandani na jambia mkononi. Utendi hausemi hivyo, na mhakiki anayelazimisha shairi liseme anachotaka ni karani mbaya. Ninachodai ni kidogo zaidi: kwamba maagizo ya namna ya kukaa karibu na mwanaume aliyelala yana historia, na katika nyumba ya mtu wa vita historia hiyo si ya ndoa peke yake. Tukiiita "utii" na kufunga daftari, tunakosea kama nilivyokosea na simu yangu.

Kuna njia nyepesi ya kurekebisha mambo, nayo ni kuongeza mashujaa wa kike. Tunaye Nkomanile, aliyenyongwa Songea mwaka 1906 pamoja na viongozi wa Wangoni. Svetlana Alexievich alikusanya sauti za wanawake wa Kisovieti waliokuwa madereva, wauguzi na wadunguaji dhidi ya Wajerumani. Ninawapenda wote. Lakini bibi yangu hakushika bunduki. Ukimsubiri ashike ndipo umsikilize, utasubiri sana.

Wala sitaki kumfanya Mwana Kupona na bibi kuwa dada. Mwana Kupona alikuwa mke wa mtawala, na utendi wake unamkanya binti asichangamane na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Watu wa bara kama sisi, katika nyumba ile, tungekuwa upande wa kutumwa. Hilo nalo nimelisoma miaka mingi bila kusimama.

Nilisikiliza dakika zilizobaki nikiwa na kalamu. Majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, na Mwalimu alitangaza vita mwanzoni mwa Novemba. Huku kwetu Novemba ni mwanzo wa kupanda pamba. Ndiyo maana bibi anaanza na pamba: wanaume waliitwa mvua zinapoanza, na jembe la ng'ombe alilikokota yeye na wifi yake. Vita vilipokwisha, taifa liliombwa kufunga mkanda kwa miezi kumi na minane. Bibi hakuwa na mkanda. Alikuwa na kanga, na kanga zikaadimika pamoja na sabuni na sukari.

Halafu, bila kubadilisha sauti, anaingia kwenye wizi wa ng'ombe wa miaka ya themanini mwanzoni, bunduki zilizokuwa zimezagaa, sungusungu waliopigwa filimbi usiku. Na kutoka hapo kwenye vikongwe wa Usukuma waliouawa kwa sababu ya macho mekundu, macho ambayo yalikuwa mekundu kwa moshi wa kinyesi cha ng'ombe jikoni. Wifi yake alikuwa mjane, anaishi peke yake, ana ng'ombe. Alihama usiku na kitenge kimoja. Wanahistoria huyaweka mambo haya katika sura tofauti, na wana sababu zao. Bibi anayasimulia kwa pumzi moja, na nilipomuuliza yanahusianaje alinishangaa.

"Si umeniuliza vita?"

Wiki iliyopita nilimpelekea sauti ile aisikilize. Alicheka kujisikia, akaniomba niipeleke mbele, kwenye sehemu ya babu. Nilimuuliza kama babu aliwahi kumwambia lolote kuhusu Uganda.

"Alirudi na redio," akasema. "Nikamuuliza umeitoa wapi. Akaizima."

Redio ipo bado, juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kufuma.