Utoto Mtakatifu na Mshumaa wa La Tour

Neno utoto katika Kiswahili lina maana mbili zisizopatana. Moja ni umri. Ya pili ni udhaifu wa akili, kama mzee amwambiavyo kijana, Acha utoto. Basi waliotafsiri jina la Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa mwaka 1843 na Charles de Forbin-Janson, Askofu wa Nancy katika nchi ya Lorraine, walikutanisha maneno ambayo sikio la Mswahili huyapokea kwa mashaka kidogo. Mashaka hayo nayaona mema, maana wachoraji wa Ulaya nao yaliwasumbua.

Katika picha kubwa ya Cimabue iliyoko Louvre, ya karne ya 13, Mtoto Yesu aliyepakatwa na mamaye ni mtu mzima aliyepunguzwa kimo, abarikiye kama askofu. Utakatifu upo; utoto haupo. Picha za karne ya 19 zilizouzwa karibu na kanisa la Saint-Sulpice, mjini Paris, zilikosea kwa upande wa pili: mashavu mekundu, nywele za mawimbi, na utamu wa kukinaisha.

Georges de La Tour (1593–1652), naye mtu wa Lorraine, hakukimbilia huku wala huku. Picha yake ya Yosefu Seremala, ya miaka ya 1640 hivi, imo Louvre tangu 1948. Yosefu ameinama akitoboa boriti kwa keekee. Mtoto amemshikia mshumaa, akiukinga kwa kiganja, na mwanga wapenya hata nyama ya vidole yang'aa. Hana duara la nuru kichwani. Nuru yote ni ya mshumaa, na kazi yake ni ile wanayotumwa watoto wote usiku: kumshikia baba taa.

Wafafanuzi hupenda kusema kwamba boriti ile ni ishara ya msalaba. Na iwe hivyo, ila nguvu ya picha haimo humo. Kardinali Pierre de Bérulle (1575–1629) alifundisha kwamba utoto ni hali ya unyonge ambayo Neno alikubali kuingia, hata akawa kitoto kisichoweza kusema. Hapo ile maana ya pili ya utoto, tuionayo haya, yapata mahali pake: kilichotakaswa si uzuri wa mtoto bali upungufu wake. La Tour amemchora Mtoto aliyekwisha pita umri wa kunyamaza. Midomo imefunguka kidogo, kama anayesema, na mkono ungali ukikinga moto usizimike.