Wanaopokonya Mpira

Dikembe Mutombo, mwana wa Kinshasa, alipouzuia mpira uliokuwa ukielekea kikapuni alinyanyua kidole na kukitikisa mbele ya aliyethubutu kurusha. Uwanja ulilipuka kwa kelele. Kuzuia ni tendo la hadharani: mtu mrefu karuka, mpira umepaa hadi kwa watazamaji, kila mmoja kaona. Lakini mpira ukitoka nje namna hiyo hurudishwa kwa wale wale waliokuwa nao, na mashambulizi yanaanza upya. Anayepokonya hana kidole cha kutikisa. Mara nyingi kamera inakuwa kwa mtu mwingine, na mtangazaji anashtukia tu kwamba mchezo umegeuka, watu wanakimbilia upande wa pili. Ila mpira ni wao sasa, na pointi mbili ziko njiani.

Mimi ni shabiki wa watu hawa. Nawapenda kuliko wafungaji, na ninaamini kwamba ustadi wao unaonekana zaidi katika mipira wanayoiacha ipite kuliko ile wanayoichukua.

Ligi ya NBA yenyewe ilichelewa kuwatambua. Ilianza kuhesabu rasmi mipira iliyopokonywa katika msimu wa 1973–74, ilhali pointi zilikuwa zimehesabiwa tangu siku ya kwanza. Mwaka 1965 John Havlicek aliupokonya mpira wa mwisho wa Philadelphia na kuipeleka Boston fainali. Tukio hilo linasimuliwa mpaka leo, lakini halimo katika takwimu za mtu yeyote. Walipoanza kuhesabu waliweka kanuni ya haki: anayeandikiwa ni yule aliyeugusa mpira kwanza ukaharibika njia, hata kama aliyeudaka ni mwenzake.

Tazama mkono wa mtu anayejua kazi hii. Anayejifunza hupiga kutoka juu kwenda chini, na refa anapuliza filimbi, kwa kuwa mkono unaoshuka hivyo huishia kwenye kiwiko cha mwenye mpira. Fundi hutokea chini. Kiganja chake kimeangalia juu, vidole vimelegea, uzito wa mwili umebaki kwenye miguu yake mwenyewe. Anangoja mpira upige sakafu, na unapopanda, kabla haujafika kiganjani kwa anayeudunda, anaugusa tu. Katika kitambo hicho mpira hauna mwenyewe. Hata akigusa vidole vya mpinzani vikiwa juu ya mpira si kosa, maana kanuni inauhesabu mkono ulio juu ya mpira kuwa sehemu ya mpira.

Kupokonya pasi ni kazi nyingine kabisa. Hapa mkono unakuja mwisho. Kwanza ni kusoma bega, nyonga na macho ya anayetoa pasi, na kusimama mahali pa hila: mbali kiasi cha kumfanya aamini kwamba njia iko wazi, karibu kiasi cha kuifikia pasi ikishatoka. Ni kama mcheza bao aliyeacha shimo lenye kete nono akijua mwenzake atakimbilia wapi.

Tarehe 26 Mei 1987, Boston Garden, Detroit Pistons waliongoza 107 kwa 106 zikiwa zimebaki sekunde tano, na mpira ulikuwa wao. Isiah Thomas alikuwa pembeni akitafuta wa kumrushia. Kocha wake, Chuck Daly, alikuwa akitaka wasimamishe mchezo, lakini Thomas hakumsikia. Alimrushia Bill Laimbeer pasi ya polepole. Larry Bird wa Boston, ambaye hakuna aliyewahi kumsifu kwa mbio, alikuwa amekwisha kuanza safari. Aliufikia mpira karibu na mstari, akayumba, mwili ukataka kutoka nje, akajizuia kwa mguu mmoja, akageuka na kumwona mwenzake Dennis Johnson akikata kuelekea kikapuni. Pasi, kikapu, 108 kwa 107. Boston walishinda mfululizo ule wa michezo katika mchezo wa saba.

Watu husema Bird alibahatika. Sikubali. Mtu asiye na kasi hafiki pale bila kuanza kukimbia mapema, na huwezi kuanza mapema bila kujua pasi itakwenda wapi.

Lakini ufundi huu una gharama ambayo takwimu haiionyeshi. Ukiurukia mpira ukaukosa, umewaacha wenzako wanne wakikabiliana na watano, na mfungaji anapita pale pale ulipokuwa umesimama. Hakuna safu ya kuandika pupa yako. Ndiyo maana baadhi ya wanaoonekana juu ya orodha kwa msimu mmoja si walinzi wazuri hata kidogo, na kocha wao anajua.

Alvin Robertson alikuwa mlinzi kweli, na moto juu yake. Msimu wa 1985–86, akiwa na San Antonio Spurs, alipokonya mipira 301. Hakuna mwingine katika NBA aliyewahi kufika 300 kwa msimu. Februari mwaka huo, dhidi ya Phoenix, alipata pointi 20, mipira 11 ya ribaundi, pasi 10 za kikapu na mipira 10 ya kupokonya, na kwa upande wa kupokonya hajatokea wa kumfuata. Ilichukua zaidi ya miaka 30 baada ya enzi yake kabla Dyson Daniels, Mwaustralia wa Atlanta Hawks, hajarudisha wastani wa mipira mitatu kwa mchezo, msimu wa 2024–25.

Na watu wasidhani ni kazi ya wafupi peke yao. Hakeem Olajuwon, mzaliwa wa Lagos, alicheza senta, karibu kabisa na kikapu, na bado alipokonya mipira 2,162. Alikuwa amecheza handiboli na kudaka golini katika soka kabla hajaanza kikapu, na ukimtazama unaiona miguu ile ya kipa. Hakuna mwingine mwenye zaidi ya mipira 2,000 aliyopokonya na zaidi ya 2,000 aliyozuia.

Chris Paul ameongoza ligi kwa kupokonya mara sita, kuliko yeyote. Michael Jordan, ambaye mkono wake ulimpokonya Karl Malone katika sekunde za mwisho za fainali ya 1998 kabla ya mrusho ule maarufu, aliishia na 2,514.

Juu yao wote yuko John Stockton wa Utah Jazz, na 3,265. Hakuna mwingine aliyefika 3,000. Alikuwa na urefu wa sentimita 185, mwembamba, hakuruka sana, na aliongoza ligi kwa wastani wa msimu mara mbili tu katika misimu 19. Hicho ndicho kinachonivutia kwake. Wengine walimpita kwa mwaka mmoja, wakaumia au wakachoka, naye akaendelea kuchukua mipira yake miwili kwa usiku, bila pupa, bila kuiacha nafasi yake ovyo.

Robertson alikuwa na msimu mkubwa kuliko wote, na wanaompa yeye ufalme wana hoja. Mimi nampa Stockton. Mpokonyaji bora ni yule ambaye kocha anaweza kumtegemea kila siku, na katika miaka yote ile Stockton alicheza michezo 1,504 na kukosa 22 tu.